Baiskeli za Madamu

Nikiwaambia wajukuu wangu kwamba niliwahi kuwa mtu wa kwanza Gisenyi kujua bei ya baiskeli kuukuu ingeelekea wapi, wanatazamana na kuendelea kula. Waendelee tu. Mimi najua nilichokiona, na wenzangu wachache waliobaki wanajua pia, ingawa kila mmoja wao siku hizi anadai kwamba yeye ndiye aliyekiona kwanza.

Miaka ya hamsini, mjini kwetu baiskeli ilipimwa kwa kitu kimoja tu: inabeba nini. Watu wa Busasamana walishuka nazo sokoni wakiwa na magunia ya viazi. Wengine walikuja na mikungu ya ndizi za pombe iliyofungwa huku na huku mpaka mwenye baiskeli haonekani. Kwa hiyo sehemu ya maana kuliko zote ilikuwa ule mti wa chuma wa juu, unaotoka chini ya kiti mpaka kwenye usukani. Hapo ndipo gunia lilipolazwa, ndipo bibi arusi alipokaa upande, ndipo mgonjwa alipoegeshwa kupelekwa kwa daktari. Baiskeli mpya, nyeusi, inayong'aa, iliyoning'inizwa dukani kwa kamba, ilikuwa na bei ya kumfanya mtu mzima ameze mate na kwenda zake. Zile za kabla ya vita, nzito na zenye kutu, zilishuka bei kila mwaka kwa sababu kila mtu alitaka mpya. Na chini kabisa, chini ya bei zote, zilikuwepo baiskeli za madamu.

Hizo zililetwa na wanawake wa Kizungu waliopenda kuzunguka kando ya ziwa jioni. Mti wake wa chuma haukunyooka juu, ulipinda na kushuka chini karibu na pedeli, ili mwanamke apitishe sketi yake bila kuinua mguu. Hazikuweza kubeba gunia wala mkungu. Wanaume waliona aibu kuzipanda, na wanawake hawakupanda baiskeli ya aina yoyote. Basi nani azinunue? Mwenye mbuzi mmoja aliyekonda angeweza kumuuza, akanunua baiskeli ya madamu, na bado akabaki na pesa ya chumvi.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alishona kwenye baraza la duka moja la nguo, kwa mashine ya mwenye duka, na kila alichopata walikigawana nusu kwa nusu. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Lakini baraza lilikuwa lake, mashine ilikuwa yake, na akitaka fundi asimame ampishe mgeni akae, fundi alisimama. Nilimwona mume wangu akisimama hivyo, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na nikajiapia kwamba hatutazeekea pale. Kwa miaka minne niliuza chapati asubuhi na kumsaidia kazi za mkono mchana: vifungo, mapindo, viraka. Tulikuwa na shabaha moja tu duniani. Tulitaka mashine yetu wenyewe, ya kukanyaga kwa miguu, tuiweke mbele ya nyumba yetu.

Ndipo tukasikia kwamba madamu mmoja wa Goma, aliyekuwa na nyumba ya wageni kando ya ziwa, anarudi kwao Ulaya na anauza vitu vyake vyote. Mashine ya kushona ilikuwemo. Mume wangu alivaa shati lake zuri, akachukua pesa yote, akaenda kwa miguu. Mimi nikafagia mbele ya nyumba mara mbili, nikapima kwa hatua mahali mashine itakapokaa.

Alirudi alasiri, nyuma yake wanaume watano, na kila mmoja, yeye pia, anasukuma baiskeli ya madamu.

"Mashini iko wapi?" nilimuuliza.

"Mashini ilienda asubuhi, mutu mwingine aliiwahi," alisema. "Lakini angalia hizi velo. Sita, kwa bei ya bure."

Sikuziangalia. Nilimwangalia yeye. Alinieleza hesabu yake haraka haraka, kama mtu anayejua muda wake ni mfupi: madamu alimpa bei ndogo kwa zote sita, na yeye atazichinja zote, auze magurudumu peke yake, kengele peke yake, viti vya ngozi peke yake, na pesa itarudi mara mbili. Nilimuuliza kama amewahi kufungua baiskeli hata moja. Akasema mtu anayejua kufungua cherehani hashindwi na baiskeli. Nikaingia ndani. Siku tatu sikusema naye, ila chakula nilimpa, maana hasira yangu haikufika kwenye sufuria.

Mtaa mzima uliangua kicheko. Walimuuliza kama na kofia ya madamu alinunua. Walimuuliza lini anaanza kuvaa sketi. Yeye alicheka nao, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nilimjua, na nilijua kicheko kile hakikutoka tumboni.

Siku ya nne alichinja ya kwanza. Aliuza magurudumu na kengele, na alichopata hakikutosha hata kununua nyuzi za mwezi. Alikuwa ameshainamia ya pili, spana mkononi, na mimi nimekaa kizingitini na rundo la kazi mapajani. Rundo lenyewe lilikuwa la kanzu. Waislamu wa mtaa wetu walizivaa kila Ijumaa, na mapadri na mafrateri wa misheni ya Nyundo walivaa zao nyeusi na nyeupe kila siku ya Mungu, na wote, mmoja mmoja, waliletwa kwetu na tatizo lile lile: upindo umeliwa na mnyororo. Mtu akipanda baiskeli ya kiume amevaa kanzu, hana budi kuipandisha mpaka kiunoni, aikunje na kuifunga, aende amevimba tumboni na miguu wazi kama anayevuka mto. Na hata hivyo pembe moja itachomoka tu, iingie kwenye gurudumu la nyuma, irudi kwangu nyeusi kwa grisi na imechanika. Nilikuwa nimeshona mapindo yale miaka minne. Niliyachukia kwa moyo wangu wote.

Nikainua macho kutoka kwenye upindo, na mbele yangu ilisimama baiskeli. Kwa mara ya kwanza niliitazama. Mnyororo wake wote ulikuwa umefichwa ndani ya sanduku la bati. Na gurudumu la nyuma, pande zote mbili, lilifunikwa na wavu wa nyuzi nyembamba, uliofungwa kutoka kwenye madigadi mpaka katikati. Sikuwahi kujiuliza wavu ule ni wa nini. Sasa nilijiuliza, na jibu lilikuwa mapajani mwangu.

"Weka spana chini," nilimwambia. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu siku ile, kwa hiyo aliiweka mara moja.

Nilimweleza. Alisikiliza, akaugusa wavu kwa kidole, akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia, maana macho ya fundi ni macho ya fundi. Lakini nilipomwambia kwamba Ijumaa atavaa kanzu yake nyeupe kuliko zote na kuipanda mpaka msikitini, alirudi nyuma hatua mbili.

"We mwanamuke, unataka watu wanicheke mpaka nihame?"

"Walishakucheka," nilimwambia. "Sasa wacheke kwa faida."

Tulivutana mpaka Alhamisi. Alisema atampa mtu mwingine apande. Nikasema hakuna mtu mwingine mwenye kanzu iliyopigwa pasi kama yake. Alisema ataipanda kupitia mlango wa nyuma. Nikasema msikiti wetu hauna mlango wa nyuma. Ijumaa nilimfulia, nikampigia pasi ya makaa mpaka kanzu ikasimama yenyewe, nikamsukuma barabarani.

Sikuingia naye, lakini nilisimama mahali ambapo ningeona. Watu walikuwa wanafika kama kawaida, wanaume wazima wenye heshima zao, wanarukaruka kwa mguu mmoja kushuka kwenye baiskeli, wanafungua kanzu kutoka kiunoni, wanajipangusa grisi, wanageukia ukuta wajitengeneze. Kisha akaja mume wangu. Alikuwa ameketi wima. Kanzu ilishuka moja kwa moja mpaka kwenye vifundo vya miguu, haikukunjwa popote. Alikaza breki, akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili, kama anayetoka kitini, akaegesha baiskeli ukutani na kuvua viatu. Hakuna hata mkunjo. Kicheko kilikuwa kimeshaanza, kisha nikakisikia kinapungua, kinapungua, kinakwisha.

Mwalimu wa msikiti alitoka. Hakumtazama mume wangu usoni, alitazama upindo.

"Hii velo yako," aliuliza, "haikule kanzu?"

"Haikule, mwalimu."

Mwalimu aliizunguka mara moja, polepole, mikono nyuma. Baada ya sala alikuja nyumbani kwetu na aliondoka akiendesha.

Hapo ndipo bei ilipopata miguu. Wafanyabiashara wawili wa mtaa walikuja wiki ile ile, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na yule wa jioni alilipa zaidi kwa sababu alikuwa amemwona wa asubuhi. Tulibuni namna ya kupatana bei ambayo sijui kama ni halali. Mume wangu alikaa nje na mnunuzi, mimi ndani nyuma ya pazia. Mume wangu akitaja bei ambayo naona ni ndogo, nakohoa. Yeye anasema, "Bon, hiyo ilikuwa bei ya jana," na anapandisha. Padri mmoja wa Nyundo alikuja akisukuma baiskeli yake ya kiume, kanzu yake nyeusi ameibana kwa pini mbili, na alikuwa mtu wa kujua kubishana. Walianza kwenye mbuzi, wakafika kwenye ndama. Nilikohoa mara tatu. Mwishoni padri alitoa pesa yake, akazichomoa zile pini mbili na kuzitia mfukoni, na kabla hajapanda akamwambia mume wangu kwa upole, "Yule mama wa mule ndani, umupeleke kwa daktari. Iko na kifua mubaya sana." Nilijifunika uso kwa khanga nikacheka mpaka nikakaa chini.

Miezi michache baadaye mji ulikuwa umepata wazimu. Vijana walikwenda Goma, wengine mpaka Bukavu kwa meli, kugonga milango ya Wazungu na kuuliza kama madamu hana baiskeli asiyoitumia. Madamu nao walishtuka, kisha wakaerevuka, wakaanza kutaja bei zilizoruka. Baiskeli ya madamu yenye wavu mzima ilipita bei ya mpya ya kiume. Isiyo na wavu, watu waliisukia wavu wa kamba za katani. Na kulikuwa na fundi baiskeli mmoja mjini ambaye aliona pesa inampita, akachukua baiskeli nzuri kabisa ya kiume na kuukata ule mti wa juu kwa msumeno. Aliipaka rangi, akaiuza kama ya madamu kwa mzee mmoja wa heshima. Mzee aliipanda vizuri mjini, penye tambarare. Alipoanza mteremko wa kwenda Rubona, baiskeli ilijikunja katikati, taratibu, bila haraka, mpaka magurudumu mawili yakakaribia kusalimiana, na mzee akajikuta ameketi barabarani na kanzu yake safi kabisa. Hakuumia hata kidogo. Alichokasirikia si kuanguka, bali kwamba walioshuhudia walikuwa wauza samaki, na wauza samaki hawajui kunyamaza. Fundi alimrudishia pesa yake, na msumeno wake ukawa ndio gumzo la soko.

Katika zile sita, moja ilikuwa imechinjwa na nne zilikuwa zimeuzwa. Iliyobaki ilikuwa ya kijani, na ilikuwa yangu.

Haikuanza kuwa yangu. Asubuhi moja nilitaka tu kujua mtu anajisikiaje juu yake. Mume wangu alishika kiti kwa nyuma, tukaenda kwenye mchanga mgumu kando ya ziwa, nikaingia kwenye ua wa mtu, nikaingia kwenye ua wa mtu mwingine, na siku ya tano sikuingia kwenye ua wowote. Baada ya hapo nani angenizuia? Nilianza kupeleka nguo zilizokwisha kushonwa. Kwenda Nyundo nilisukuma, maana ni kupanda tu. Lakini kurudi! Upepo unajaza khanga, ziwa lote liko chini yako, wanawake wananyanyuka mashambani na majembe yao, wananipigia vigelegele, na mimi napiga kengele mpaka kidole kinachoka. Mabibi wengine walinionya kwamba mwanamke akipanda baiskeli hatazaa. Nimezaa watano. Ninasema waziwazi kwamba sikuwahi, kabla wala baada, kufurahi na kitu kama nilivyofurahi na baiskeli ile.

Pesa tuliyotoa kwenye akiba ilikuwa imerudi, na ya ziada juu yake. Tatizo likawa mashine. Mpya ya dukani bado ilikuwa mbali nasi sana, na fundi mwenye mashine yake haiuzi. Mume wangu aliendelea kushonea kwenye baraza la mwenye duka, na kusimama anaposimamishwa. Mpaka ikaja habari ya fundi mzee wa Rubona. Macho yake yalikuwa yamechoka, hakuweza tena kutunga uzi, na mashine yake ilikuwa nzuri, imetunzwa. Mume wangu alimpelekea pesa. Mzee aliitazama, akairudisha.

"Pesa mi nitaipata kwa mutu yeyote," alisema. "Hapa Rubona mpaka musikiti ya mujini ni mbali, na miguu yangu imeisha. Mi nataka velo ya madamu. Uniletee velo, ubebe mashini."

Tulitafuta. Gisenyi hakukuwa na ya kuuza. Goma pia hazikuwepo. Waliokuwa nazo walicheka ukiwauliza bei. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeupandisha moto huo, na sasa uliniunguza mimi. Mume wangu alikuwa anarudi jioni, anaipita ile ya kijani pale ukutani bila kuitazama, kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko angeniomba.

Siku ya tatu nilimwambia avae viatu. Alisema niamue mwenyewe, si lazima, tutangoja. Nikamwambia nimeshangoja miaka minne na sina tabia ya kungoja. Yeye alitembea, na mimi nikapanda, taratibu ili asiachwe nyuma, kisha njiani nikasahau na kumwacha. Nilimngojea kwenye kona ambapo unaanza kuona mitumbwi ya Rubona.

Mzee alikuwa nje, amevaa tayari, kanzu na koti. Aliipapasa baiskeli kutoka mbele mpaka nyuma, akaupima wavu kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasimama. Akaendelea kusimama. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyetuambia, huku ameziba mdomo: mzee hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Mume wangu alijitolea kumshikia, lakini alikuwa amechoka kwa njia, na baada ya mizunguko miwili alikaa chini. Nikabaki mimi. Mimi mwanamke kijana, na yeye mzee mwenye heshima zake, na Rubona nzima inatazama. Nilishika kiti, kiti tu, sikumgusa yeye. Nilimwambia asitazame gurudumu, atazame mbali. Kila alipoogopa, mkono wake ulikwenda kwenye kanzu kutaka kuikunja kiunoni, kwa mazoea, na kila mara nilimwambia aiache, haitaliwa. Tulikwenda na kurudi mchana kutwa kwenye njia ile ya kando ya maji. Wavuvi waliacha nyavu zao. Mkewe alicheka hadi akalia. Mimi nilikimbia nyuma nimeinama, jasho linanitoka, na nilicheka pia, sikuweza kujizuia.

Halafu nikahisi kiti hakinielemei tena. Alikuwa amepata. Alikuwa anakwenda mwenyewe na hajui, na mkono wangu bado umeshika, na nilikimbia naye hatua nyingi zaidi ya zile zilizohitajika. Nilijua ninachokifanya. Kisha niliachia.

Aliondoka na njia, ameketi wima, kanzu imeshuka mpaka kwenye vifundo, watu wanampisha na kumshangilia. Nilibaki nimesimama katikati ya njia. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli kabisa.

Tulirudi kwa miguu, wabebaji wawili mbele na mashine, sisi nyuma. Nililia kidogo njiani, na mume wangu, ambaye si mtu wa kushikana mikono hadharani, alinishika mkono mbele ya watu mpaka mjini. Tuliiweka mashine mbele ya nyumba, pale nilipopima.

Asubuhi yake niliamka kukanda unga wa chapati, nikamwona amekaa kwenye mashine, futi shingoni, kabla hata jua halijafika mlangoni. Watu walipita kwenda kazini. Mteja wa kwanza alikuja, akamsalimia, akasimama mbele yake na kitambaa chake. Mume wangu alibaki amekaa.